Maji ya Ngoro Hayafiki Bondeni

Sauti hizi nimezipanga mimi, ila ubishi wenyewe sikuubuni. Umo katika majarida ya sayansi kwa miaka zaidi ya kumi, na wanaobishana ni maprofesa wa Ulaya, Asia na kwingineko. Nimeuhamishia Kitura, wilaya ya Mbinga, barazani kwa mkulima mmoja wa kahawa, kwa sababu maprofesa wakibishana wao kwa wao hakuna anayewauliza betri imejaa au haijajaa.

Ni Julai. Baridi ya Umatengoni imeshika, kahawa inachumwa. Paneli ya seli 36 imeshushwa kutoka bati na kulazwa kwenye turubai. Fundi sola kaja na mita yake. Binti wa dada yake mwenye nyumba, anayesomea uhandisi wa umeme Dar es Salaam, yuko likizo na kompyuta yake ya mapajani. Mvuvi kutoka Liuli amepanda na magunia ya usipa mkavu. Mwera unavuma ziwani na hakuna mtumbwi unaoingia, basi ana muda wa kukaa.

MAMA: Sitaki mengi. Huu mwaka wa sita tangu niinunue. Zamani taa ziliwaka hadi usiku wa manane, sasa saa tatu giza. Niambieni, imekufa au haijafa?

FUNDI: Haijafa, mama. Bila mzigo inanipa volti 21. Lakini volti bila mzigo ni kama mtu anayejibu "nimeamka" angali kitandani. Mpe jembe ndiyo umjue.

BINTI: Kaka fundi, nipe pointi ishirini hivi za volti na ampea, kuanzia waya zikiwa zimegusana hadi zikiwa wazi. Nitaisoma ndani yake.

FUNDI: Kwa nini?

BINTI: Seli ya sola tunaichora kama sakiti ndogo. Kuna chanzo cha mkondo, ndilo jua. Pembeni yake kuna daiodi, maana seli yenyewe ni daiodi pana iliyoachwa juani. Kuna ukinzani sambamba, hizo ndizo njia za wizi, mkondo unavuja humo humo ndani bila kufika kwenye waya. Halafu kuna ukinzani wa mfululizo, yaani viungio, risasi, na zile nyuzi za fedha usoni mwa seli. Daiodi ina tabia mbili, mkondo wake mdogo wa kuvuja na namba ya ubora wake. Jumla namba tano. Ukinzani wa mfululizo ukiwa umepanda, viungio vimechoka. Ukinzani sambamba ukiwa umeshuka, seli zinavuja. Mkondo wa jua ukiwa umepungua, ni vumbi, au plastiki ya ndani imegeuka manjano.

MAMA: Basi zipimeni hizo tano tumalize.

BINTI: Hazipimiki, mama. Mita inaona volti na ampea za nje tu. Na mlinganyo unaoziunganisha hizo tano ni mkaidi: mkondo uko upande huu wa alama ya sawasawa, na huohuo uko upande wa pili, umejificha ndani ya kipeo. Hautatuliki kwa kuhamisha tarakimu. Inabidi ukisie namba tano, uchore mstari wake, uulinganishe na pointi ulizopima, uone umekosea kiasi gani, ukisie tena.

MVUVI: Hadi lini?

BINTI: Hadi kosa lisishuke tena. Chukulia kosa ni urefu wa ardhi. Makisio mabaya yako kilimani, mazuri yako chini, na bora kuliko yote ni bondeni kabisa. Njia rahisi ni kufanya kama maji, kila hatua unateremka.

MAMA: Mwanangu, umesahau uko wapi? Hapa maji hayafiki bondeni.

Kwa wasiofika huku: Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hulima ngoro. Nyasi hukatwa na kupangwa mlimani kama miraba, udongo wa katikati hufukuliwa na kufunikia nyasi zile, na mteremko mzima ukabaki na mashimo yaliyoshikana mithili ya sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo linakamata maji yake. Udongo haukimbii. Ni uhandisi uliokuwapo kabla ya wahandisi, na sijaona picha nzuri kuliko hii ya kueleza tatizo la binti. Mtafutaji anayeteremka tu ataingia shimo la kwanza, atazungusha macho, ataona pande zote ni kupanda, atatangaza kuwa amefika.

BINTI: Hilo ndilo lenyewe, mama! Ndiyo maana watu wakaacha kumtuma mmoja. Mwaka 1995 James Kennedy, mwanasaikolojia, na Russell Eberhart, mhandisi wa umeme, walitazama makundi ya ndege na samaki wakatunga algoriti. Unamwaga watafutaji thelathini au hamsini mlima mzima. Kila mmoja anavutwa na vitu vitatu: mwendo aliokuwa nao, mahali pazuri kuliko pote alipowahi kupita mwenyewe, na mahali pazuri kuliko pote alipopita yeyote kundini. Basi.

MVUVI: Hao Wamarekani wamepanda mtumbwi wetu. Usiku wa giza, mwezi haupo, tunatawanyika na taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Anayepata usipa hapigi kelele, lakini taa yake inatulia. Wenzake wakiona taa imetulia, wanasogea. Na kila mtu anakumbuka alipopata jana.

BINTI: Baba, hujaacha kitu.

MVUVI: Nimeacha kimoja. Kuna usiku taa inatulia kwa sababu mwenyewe kasinzia. Mitumbwi kumi inamfuata mtu aliyelala.

Nilicheka, lakini binti hakucheka. Alisema nusu ya makala alizosoma kuhusu kuboresha algoriti hizi zinahusu mtu huyo aliyelala. Kundi likijikusanya mapema mno mahali pabovu, limekwisha, kwa kuwa kila mmoja anathibitishwa na mwenzake. Dawa zinazopendekezwa ni nyingi ila ukizivua maneno ni za aina chache. Punguza kasi polepole, kundi litangetange mwanzoni na kutulia mwishoni. Usimruhusu kila mmoja kumfuata kiongozi mkuu, mwache amfuate jirani. Wachukue walio nyuma kabisa uwatupe upya popote. Au mara mojamoja mtu aruke mbali ghafla, bila sababu.

MVUVI: Huyo tunaye. Tunamwita mkaidi. Mara nyingi anarudi mtupu.

BINTI: Na mara moja ndiye anayewalisha wote.

Fundi alikuwa amenyamaza, akifuta kioo kwa kitambaa. Alipoona wamekubaliana kupita kiasi, aliingia.

FUNDI: Binti, nyuki, chungu na hao ndege nimewasikia. Unatumia mnyama gani wewe?

BINTI: Nimejaribu kadhaa. Kuna mbwa-mwitu wa kijivu, wa mwaka 2014. Nondo na taa, 2015. Nyangumi, 2016. Kuna fisi, kuna nyati, kuna tumbusi wa Afrika, kuna sokwe. Kuna hata nyegere.

MAMA: Nyegere? Huyu anayeiba asali?

BINTI: Huyohuyo, mama. Mwaka 2022.

MVUVI: Nyangumi hajafika Liuli.

FUNDI: Na hao wote wanatafuta namba tano zilezile?

BINTI: Zilezile. Kila mmoja kaandikiwa kwamba amemshinda wa kabla yake.

Hapa mwandishi anaomba nafasi, kwa sababu kuna mambo ambayo si haki kumtwisha fundi. Mwaka 2015 Kenneth Sörensen wa Antwerp, Ubelgiji, alichapisha makala kali akisema taaluma hii imegeuka bustani ya wanyama: mtu anachagua kiumbe, anabadili majina ya vitu vinavyojulikana, anaita uvumbuzi. Baadaye Camacho-Villalón, Dorigo na Stützle, huko Brussels, waliwavua mbwa-mwitu, kimulimuli na popo ngozi zao, mstari kwa mstari wa hesabu, wakakuta ndani wanafanana na lile kundi la Kennedy na Eberhart. Dorigo huyo ndiye baba wa algoriti ya chungu, aliyoianza katika tasnifu yake ya mwaka 1992. Mtu aliyefungua mlango ndiye amerudi kuuliza nani kawaingiza wengine.

Kuna kasoro nyingine mbaya zaidi. Baadhi ya algoriti hizi, mbwa-mwitu akiwamo, hupenda sifuri. Fomula zao huwavuta watafutaji kuelekea sifuri hata bila kuambiwa, na maswali mengi ya majaribio jibu lake ni sifuri. Ukilihamisha jibu pembeni kidogo, ushujaa unapungua.

Na nondo? Mtungaji wake alisema nondo husafiri kwa kushika pembe moja na mwezi, ndiyo maana huzunguka taa. Mwaka 2024 watafiti waliowapiga picha za kasi wadudu wanaozunguka taa walionyesha jambo jingine: mdudu huelekeza mgongo wake kwenye mwanga, kama anavyouelekeza angani, na taa ikiwa karibu anajikuta anapinda bila kikomo. Yaani nondo yule hatafuti kilicho bora. Amepotea.

BINTI: Nakubali majina ni porojo. Lakini mnawapiga wanyama mkidhani mmepiga hesabu. Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba ukijumlisha maswali yote yanayowezekana, hakuna mtafutaji anayemzidi mwenzake. Maana yake ni kwamba kila swali linastahili mtafutaji wake, na kuboresha kwa ajili ya seli za sola ni kazi halali. Nikuonyeshe. Kuna seli moja ya kampuni ya RTC ya Ufaransa, duara la milimita 57, ilipimwa ikiwa na nyuzi joto 33. Pointi 26. Easwarakhanthan na wenzake walizichapisha mwaka 1986 na hadi leo kila mtu anajipimia humo. Algoriti dhaifu zinakwama. Nzuri zinafika kwenye kosa la ampea 0.00098602.

FUNDI: Nzuri ngapi?

BINTI: Nyingi. Makumi.

FUNDI: Zote zinafika hapohapo?

BINTI: Tarakimu kwa tarakimu. Ukitumia modeli ya daiodi mbili, yenye namba saba, kosa linashuka hadi 0.00098248.

FUNDI: Kutoka 98602 hadi 98248. Hiyo tofauti ni maikroampea tatu na nusu. (Akainua mita yake.) Hii naisifia, lakini katika ampea inaweza kukosea asilimia moja na isione haya. Seli yako hiyo inatoa ampea ngapi?

BINTI: Sifuri nukta saba sita.

FUNDI: Asilimia moja ya hiyo ni miliampea saba na zaidi. Mnagombania nywele, na mita yangu inakosea kichwa kizima. Makumi ya wanyama wamefika bondeni, wamekaa, wanauliza nani katangulia. Huko mimi naona kisima kimeshachimbwa.

Pigo hilo lilimfika binti. Nilitarajia atetee nyegere wake. Badala yake alifungua faili jingine, na kusema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike mjadala huu.

BINTI: Kuna baya zaidi, kaka. Ile 0.00098602 si bonde la kweli. Nilisema mkondo uko pande zote mbili za mlinganyo. Karibu wote wanachukua mkondo uliopimwa, wanaupachika upande wa kulia, kisha wanalinganisha na upande wa kushoto. Ni njia ya mkato. Waliokokotoa mkondo wenyewe sawasawa, kwa fomula ya Lambert, walipata kosa la 0.000773 kwa pointi zilezile 26 na daiodi ileile moja.

MVUVI: Sijaelewa. Walikuwa ziwa jingine?

BINTI: Ziwa jingine, baba. Mitumbwi yote ilikuwa imepata samaki wakubwa wa ziwa lisilo lenyewe.

Niliiandika sentensi hiyo hapohapo. Miaka mingi ya kuboresha watafutaji haikuishusha namba ile hata chembe. Ilishuka siku mtu alipouliza swali vizuri zaidi. Na tukitazama tarakimu, kushuka kutoka 0.000986 hadi 0.000773 ni mara sitini hivi ya ile tofauti ya daiodi mbili tuliyoicheka. Nayo bado iko chini ya kosa la mita ya fundi, hilo nalikiri.

FUNDI: Na hizo namba tano, lazima zitafutwe zote tano kwa pamoja?

Sijui aliuliza kwa kujua au kwa kuchoka, ila hakuna swali zuri kuliko hilo. Ukishika ukinzani wa mfululizo na namba ya ubora wa daiodi mkononi, tatu zilizobaki hukaa kwenye mlinganyo kwa unyoofu, na hesabu ya kawaida ya mstari unaofaa zaidi, ile iliyojulikana tangu enzi za Gauss na Legendre, inazitoa papo hapo. Kazi ya vipimo vitano inabaki ya viwili. Mwaka 2014 Waitaliano, Laudani na wenzake, walionyesha kwa njia yao upunguzaji wa namna hii kutoka namba tano hadi mbili. Na vitu viwili unaweza kuvichora ramani: thamani mia za huku kwa mia za kule, miraba elfu kumi, kila ngoro unaiona kwa macho. Kundi la wanyama kupewa makisio elfu hamsini kwa seli moja si nadra.

MAMA: Kwa hiyo mlikuwa mnatafuta gizani na ndani kuna taa.

BINTI: Kwa seli ile, ndiyo, mama mdogo. Lakini nisikilizeni, sijashindwa bado. Tazameni mgrevilea ule.

Jua lilikuwa limesogea. Kivuli cha mgrevilea uliopandwa kutunza kahawa kilikuwa kimepanda kona ya paneli, seli nne au tano hivi. Fundi akatazama mita. Ampea zilikuwa zimeanguka kupita ukubwa wa kivuli chenyewe.

BINTI: Seli zimefungwa kwa mfululizo. Moja ikikosa jua inawabana wenzake wote, hadi daiodi zile za kwenye kiboksi cha nyuma zifungue njia ya kuzunguka. Zikifungua, mstari wa wati haubaki na kilima kimoja. Vinakuwa viwili, na ukiwa na paneli kumi za shule kwenye mnyororo mmoja vinakuwa vingi, na vinahama kila wingu likipita. Kontrola ya MPPT ya kawaida, ile inayoitafutia paneli volti yenye wati nyingi zaidi, inapapasa tu, inasogeza volti kidogo, wati zikipanda inaendelea, zikishuka inarudi. Itakaa juu ya kilima kifupi mchana kutwa ikidhani imefika. Hapo kundi lina kazi. Huna mlinganyo wa kuunyoosha, hujui kivuli cha leo kina umbo gani.

FUNDI: Kontrola inaweza kufagia volti zote mara moja, kutoka chini hadi juu, ikachagua kilima kirefu. Nusu dakika haifiki.

BINTI: Na wakati inafagia, wati zinapotea.

FUNDI: Kidogo.

BINTI: Kidogo kwa nyumba moja.

Hawakukubaliana, na mimi sidhani walipaswa. Kwa paneli chache fundi yuko sahihi, fagia tu. Mnyororo ukirefuka, vivuli vikawa vya mawingu ya masika, hoja ya binti inapata uzito, na humo ndimo ningependa kuona vijana wanaoandika tasnifu wakitumia nguvu zao badala ya kuitafutia seli ile ya Ufaransa mnyama wa mia moja. Seli hiyo ilipimwa kabla hawajazaliwa. Paneli zilizochoka juu ya mabati ya Mbinga, katika ukungu na baridi inayopandisha volti wakati kibandiko cha kiwandani kinahesabu nyuzi joto 25, nani amezichapishia pointi zake?

FUNDI: Jambo moja, mama, kabla hawajakuuzia nyangumi. Kontrola yako ni PWM. Haitafuti kilima chochote. Inaunganisha paneli na betri, basi.

MAMA: Kwa hiyo maneno yote haya hayanihusu?

FUNDI: Ya kilima hayakuhusu. Ya namba tano yanakuhusu. Nikikupandishia kontrola ya bei na kumbe viungio ndivyo vimeoza, nimekula hela yako bure.

Huo ndio ulikuwa muafaka pekee wa siku ile, na ulitoka kwa yule niliyemdhania mpinzani. Binti akaeleza njia ya kupima haraka: kapasita kubwa tupu ikiunganishwa na paneli hujijaza yenyewe, na katika sehemu ndogo ya sekunde volti hupita mstari wote toka sifuri hadi mwisho. Lakini hakuwa na kapasita wala chombo cha kurekodi. Walikuwa na mita mbili, waya wa jiko bovu la umeme ambao wangeweza kuushika hapa na pale ili kubadili ukinzani, na mvuvi, aliyepewa kalamu kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote.

Wakaivuta paneli kutoka kivulini. Fundi alisogeza kibanio kwenye waya, binti akasoma volti, mama akasoma ampea kwa sauti ya mnadani, mvuvi akaandika. Moja. Mbili. Waya ulianza kupata moto na fundi akabadili mkono. Saba. Nane. Kwenye ya kumi na moja ukungu mwembamba ulipita juu ya mlima, mwanga ukafifia kidogo tu, kiasi ambacho jicho lingesamehe.

MVUVI: Niandike?

BINTI: Hapana, baba. Jua si lilelile tena. Futa zote.

MVUVI: Zote kumi?

BINTI: Zote.

Akachora mstari katikati ya karatasi, akaandika upya "moja", wakakaa kusubiri ukungu upite.